Mama anataka mkopo wa kikundi alimie mahindi, marejesho kila wiki. Chakula kitabaki nyumbani kweli?

kijana_wa_namtumbo:

Wakuu habari za majukumu.

Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mnaolima au mliowahi kufanya kazi kwenye hizi taasisi za mikopo. Mama yangu yupo kijijini Ruvuma, wilaya ya Namtumbo, analima mahindi ekari tatu na mbaazi kidogo. Baba alishafariki, mama anaishi na wajukuu, kwahiyo pale nyumbani wanakula watu sita. Sasa kuna taasisi imefika kijijini inakopesha akina mama kwa vikundi vya watu watano watano, wanadhaminiana wenyewe, haitaki hati ya shamba wala nini. Mama anataka achukue laki tano mwezi wa 11 anunue mbegu na mbolea na alipe vibarua wa kulima. Marejesho ni kila wiki kwa miezi sita na yanaanza mapema tu baada ya kupokea hela.

Hoja yake ni kwamba msimu uliopita alilima bila mbolea ya kutosha akapata magunia machache, mwezi wa 7 akauza mengine kulipa madeni ya dukani na sare za wajukuu, kufika mwezi wa kwanza kihenge kitupu ikabidi mi ndo nitume hela wanunue mahindi, tena kwa bei ambayo yeye hakuiona wakati anauza. Anasema akilima vizuri hiyo njaa haitakuwepo. Namuelewa kabisa. Ila kuna majirani zake walichukua mikopo ya namna hii, mmoja alishindwa akachukuliwa godoro na sufuria na wanakikundi wenzake, mpaka leo hawasalimiani.

Swali langu, kuna mtu ameona kwa macho yake mkopo wa hivi ukiongeza chakula kwenye nyumba ya mkulima? Maana naona mavuno yanaweza kuongezeka na ghala likabaki tupu vile vile. Sitaki kumkataza mama kwa hofu tu, na kumtumia mtaji wote mi mwenyewe kwa sasa siwezi.

Kahawa_Chungu:

Mkuu asichukue. Mahindi yanakaa shambani miezi sita au zaidi, na huyo afisa mikopo anataka hela wiki ijayo, itatoka wapi kama sio kwenye kihenge? Huku kwetu Kagera watu waliuza kahawa ingali maua kwenye mti, butura, na wapo wanaofanya mpaka leo kimya kimya japo imepigwa marufuku. Kusini kwenye korosho wana kangomba, ulanguzi wa namna hiyo hiyo. Chanzo ni kile kile, shida zinamkuta mkulima kabla ya mavuno na mwenye hela analijua hilo vizuri sana.

makambako_kona:

Nimefanya kazi ya afisa mikopo nyanda za juu kusini kabla sijaacha na kurudi kulima, ngoja nikupigie mahesabu kama nilivyokuwa nawapigia wateja.

Benki Kuu (BoT) imeweka ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi kwa hizi taasisi zisizopokea amana, zile za daraja la pili kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Tuchukulie hiyo taasisi inafuata sheria. Laki tano kwa 3.5% ni 17,500 kwa mwezi, miezi sita ni 105,000, kwahiyo mama anarudisha 605,000. Gawa kwa wiki 24 unapata kama 25,200 kila wiki. Na hapo bado hela ya fomu, bima, na akiba ya lazima ambayo mara nyingi inakatwa juu kwa juu, kwahiyo mkononi hapokei laki tano kamili.

Sasa angalia kalenda. Anachukua mwezi wa 11, anamaliza kulipa mwezi wa 5. Mahindi ya Namtumbo yanavunwa kuanzia mwezi wa 6. Yani mkopo wote unalipwa na kuisha kabla hajauza hata debe moja la hayo mahindi aliyoyakopea! Watu wengi hawalioni hili wanapojaza fomu, wanadhani mkopo wa kilimo unalipwa na kilimo. Hapana, unalipwa na kitu kingine chochote kilichopo nyumbani kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 5, na kwenye nyumba nyingi kitu hicho ni mahindi ya mwaka jana, kuku, na vibarua kwenye mashamba ya watu. Debe moja ni chakula cha watu sita kwa wiki nzima na zaidi kidogo, na kwa bei nyingi nilizoziona hiyo 25,200 inataka debe na kitu. Nimeona mama anabeba debe kichwani kwenda kuuza gulioni asubuhi ya siku ya marejesho, na mi ndo nilikuwa namsubiri chini ya mwembe na kitabu changu.

Kwanini wiki? Mfumo huu umetoka Bangladesh, mchumi Muhammad Yunus alianzia kijiji cha Jobra mwaka 1976 na mradi wake wa Grameen ukawa benki 1983. Wale akina mama walikuwa na vishughuli vya kuzungusha hela haraka, kukoboa mpunga, kusuka viti vya mianzi, maziwa. Hela inaingia kidogo kidogo na inatoka kidogo kidogo. Ukija huku taasisi zinaupenda mfumo huo kwasababu mteja akianza kulegea unajua ndani ya wiki moja, na kikundi kinamfuata chenyewe. Kwa taasisi ni salama. Kwa mkulima wa mvua moja kwa mwaka haujatengenezwa kwa ajili yake.

Swali la kumuuliza mama ni moja, ana hela gani inayoingia kila wiki bila kugusa chakula? Akikujibu vizuri tuendelee, akikosa jibu msimamishe.

ShambaBungoma:

Salamu kutoka Bungoma, Kenya. Hii mambo ya kuuza bei ya chini halafu ununue bei ya juu tunaijua sana huku. Tunavuna kuanzia Septemba hivi, kila mtu anapeleka sokoni wakati mmoja, bei inaanguka, Januari karo inamaliza ile imebaki, ikifika Mei Juni unanunua mahindi ya kupimwa kwa gorogoro (lile kopo) dukani na wewe ndio ulilima hiyo mahindi.

Kuna utafiti ulifanyiwa hapa hapa kwetu na shirika la One Acre Fund, kutoka 2012 mpaka 2014, ukachapishwa 2019. Mkopo haukuwa wa mbolea. Walikopesha mkulima WAKATI WA MAVUNO ili asiuze, magunia yake yakawekwa alama yakawa ndio dhamana na yakabaki nyumbani kwake. Analipia karo na shida zingine na ile loni, anangoja bei ipande ndio auze. Waliopewa waliuza kidogo wakati wa mavuno na wakauza mingi baadaye, na walipata faida ya karibu 29% ya ile pesa. Kitu imenifurahisha zaidi, kwenye sehemu wengi walipewa mkopo, hata bei ya soko wakati wa mavuno haikuanguka sana, so hata jirani hakukopa alifaidika.

Kwa hivyo kijana, shida ya mama yako nusu yake naiona iko kwa ile mwezi wa 7 aliuza. Hata akipata mbolea, kama mwezi wa 7 bado ana madeni ya duka atauza tu, tena atauza mingi sababu iko mingi.

Na hizi loni za simu chungeni sana. M-Shwari ilikuja 2012, ada ilikuwa 7.5% kwa siku 30, unakopa ununue unga, mwezi ukiisha mahindi bado iko kwa shamba imefika magotini.

kijana_wa_namtumbo:

Asanteni sana wakuu, @makambako_kona hayo mahesabu nimeyasoma mara mbili nikampigia mama hapo hapo.

Kipato cha wiki cha uhakika hana. Ana kuku wa kienyeji na siku za gulio anauza karanga za kukaanga, akipata nyingi ni elfu nane. Miezi ya mvua kubwa hata gulio linakuwa dogo. Kikoba yupo, wananunua hisa kila jumapili, wanavunja mwezi wa 12 karibu na sikukuu. Mbolea ya ruzuku amesajiliwa ila anasema namba ya kuchukulia inakuja hela haipo mfukoni.

Ila ameniuliza kitu nikakosa jibu, "mwanangu nisipokopa nitalima na nini?"

mchumi_mtaa_wa_pili:

Hilo swali la mama ndo la kujibiwa kwa heshima, maana ni rahisi sisi wa mijini kusema asikope.

Mwaka 2015 zilitoka tafiti sita kwa pamoja kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zote zikiangalia hii mikopo midogo kwa kulinganisha maeneo au watu waliofikiwa na ambao hawakufikiwa. Jibu la jumla, mikopo haikuwatoa watu kwenye umaskini kama ilivyokuwa inatangazwa, ila pia haikuwaangamiza wengi kama wapinzani wake wanavyosema. Iliwapa uhuru kidogo wa kuchagua, wengine wakakuza biashara, ulaji wa kaya kwa wastani haukupanda. Kwahiyo ukisikia mtu anakwambia mikopo midogo inaondoa njaa muulize mkopo upi, wa nani, unalipwa lini.

Ila kuna utafiti mmoja wa Zambia, Chipata kule karibu na mpaka wa Malawi, huo kila mtu anayejali wakulima angeujua. Kule kama Ruvuma mvua ni moja, njaa inauma mwezi wa kwanza mpaka wa tatu. Watafiti walikopesha kaya mwezi wa kwanza, katikati ya njaa, ama magunia matatu ya mahindi ama kwacha 200, walipe baada ya mavuno magunia manne au kwacha 260. Hakuna mbolea hapo, hakuna mbegu, ni CHAKULA. Na mavuno yakapanda kwa karibu 8%!

Inakuwaje chakula kiongeze mavuno? Kwasababu mwenye njaa mwezi wa kwanza anaacha shamba lake lenye magugu anaenda kupalilia la mwenzie apate unga wa jioni, kule wanaita ganyu, huku tunasema kibarua au deiwaka. Shamba lake linapaliliwa kwa kuchelewa, mahindi yanatoka membamba, mwaka unaofuata njaa inarudi, anaenda tena kibarua. Ule mkopo ulimwezesha abaki shambani kwake wiki zile za palizi. Na kwakuwa watu wa kwenda kibarua walipungua, hata ujira wa kibarua ukapanda kijijini. Wengi sana walirudisha mkopo wao.

Sasa rudi kwa mama. Hayo marejesho ya 25,200 yanamwangukia mwezi wa 12, wa 1, wa 2, wa 3. Ni wiki zile zile za palizi na mbolea ya kukuzia. Akikosa hela ataenda kibarua kulipa, shamba aliloliwekea mbolea ya mkopo linaliwa na magugu. Kinyume kabisa na Chipata. Mi hapo ndo napoona ubaya wa huo mkopo, zaidi hata ya riba.

mama_mbogamboga_ilula:

Habari zenu, mimi nataka nitetee kidogo hii mikopo maana imenisomeshea watoto.

Mimi nipo Ilula, nalima nyanya, chinese na mchicha kwa kumwagilia. Mchicha wiki tatu nne unavuna, chinese nayo unachuma majani ya nje inaendelea, kila siku ya soko nina hela mkononi. Mkopo wa wiki kwangu haujawahi kunitoa jasho na chakula nyumbani kimeongezeka, maziwa tunanunua, dagaa wanakuwepo, sio ugali na majani tu. Lakini dada yangu anayelima mahindi ya mvua alichukua kule kule nilikochukua mimi, kikundi kimoja, siku moja, akaishia kuuza mbuzi. Wote tunajituma sawa, tofauti ni mchicha na mahindi basi.

Mwanangu mwambie mama haya. Hicho kikoba chao kinavunjwa mwezi wa 12 kwasababu ya sikukuu, sisi chetu tulikaa kikao tukahamisha kuvunja kikawa mwisho wa mwezi wa 10. Mtu anapata mgao wake anaenda moja kwa moja kuchukua mbolea na mbegu, hakopi popote. Watu walibisha sana kuhusu nguo za krismasi za watoto ila baada ya mavuno ya mwaka ule hakuna aliyetaka turudi desemba. Kwa mwaka huu kama wameshachelewa, aombe mkopo ndani ya kikoba chenyewe, mdogo, laki moja na nusu laki mbili, aombe kulipa mwezi wa 7. Vikoba vingi vinataka miezi mitatu lakini wakikaa wakulima wenyewe wanaelewana, ile hela ni yao na riba inabaki kwao.

Halafu asilime ekari zote tatu kwa mbolea. Aweke nguvu ekari moja, mbegu bora, mbolea ya kupandia na kukuzia kwa wakati, apalilie mara mbili. Hizo mbili alime kawaida na mbaazi ndani yake. Ekari moja iliyotunzwa naiamini kuliko tatu zenye majani ya njano.

Kingine, mikopo ya 10% ya halmashauri, ile 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Kikundi chao waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata waanze mapema, haiji kwa wiki moja.

lishe_kwanza:

Naongezea moja ambalo halijaguswa. Mimi nipo Iringa kwenye mambo ya lishe. Mikoa yetu hii ndo inalisha nchi na utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe na Rukwa nazo karibu nusu. Magunia yapo, watoto wamedumaa. Kwahiyo msimpime mama kwa magunia peke yake.

Ninachokiona kwenye nyumba zenye mikopo ni kwamba kitu cha kwanza kukatwa sio ugali. Linakatwa yai, zinauzwa karanga, maharage yanapelekwa gulioni, maana hivyo ndo vinageuka hela haraka siku ya marejesho. Mtoto anashiba ila anashiba ugali na mboga ya chumvi. Hao kuku wa mama na hizo karanga ndo lishe ya wajukuu, na ndo vitu vya kwanza afisa atakavyoviona anapoandika "vyanzo vya mapato" kwenye fomu. Naumia sana nikiona hilo.

Wakishavuna, kabla ya deni lolote, watenge chakula. Watu sita wakiwemo watoto, magunia sita mpaka saba ya kilo mia ndo mwaka mzima, hayo yahesabiwe kwanza yafungwe, kinachobaki ndo kiitwe cha kuuza. Mbaazi nazo wabakize za kula, zisiende zote mnadani.

kijana_wa_namtumbo:

Mama nimemsomea karibu zote kwa simu. Amesema ya kikoba atalipeleka kikao cha jumapili, na kwa msimu huu anaona aombe laki mbili ndani ya kikoba, mi niongezee ya mbolea ya kukuzia mwezi wa kwanza. Kuuza mwezi wa 7 ndo kunamsumbua kichwa, madeni ya dukani hayamsubiri. Na anaogopa akiweka mahindi mpaka mwezi wa kwanza wadudu wa dumuzi wanamaliza, iliwahi kumtokea.

makambako_kona:

Hayo ya dukani atume hesabu mapema, mwezi wa 5, ujue ni kiasi gani. Ukiweza kumtumia hela mwezi wa 7 badala ya mwezi wa kwanza itamsaidia zaidi, hela ile ile unayotuma kila mwaka kununua mahindi ya bei ya juu, itangulize miezi sita, alipe deni na mahindi yabaki ndani. Huo ndo mkopo wa Bungoma na haulipiwi riba.

Dumuzi, anunue mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, haihitaji dawa. Siri ipo kwenye kukausha. Punje zikiwa na unyevu unafunga ukungu ndani, na sumukuvu sio ya kuichezea, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Aanike juu ya turubai sio chini kwenye vumbi. Njia ya kijijini, weka punje kiganja kimoja kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano, chumvi ikiganda kwenye chupa bado mbichi, rudisha juani. Akifunga kila nailoni aisokote akiitoa hewa, aikunje, aifunge kamba peke yake, moja moja. Panya ndo adui wa hiyo mifuko kwahiyo ikae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Na kama wale wa taasisi wakirudi na wenzake wakaamua kuchukua, mwambie asikubali kuwa mdhamini wa kikundi hata kama yeye hakopi. Asiweke saini kwenye fomu ya mali za nyumbani ambayo haijajazwa, nimeona zinajazwa baadaye.

mama_mbogamboga_ilula:

Hilo la kudhamini ni kweli kabisa. Kijana ukipata nafasi nitumie ujumbe, nina mbegu ya chinese imebaki, akipata hata vijimatuta vitatu karibu na kisima kiangazi hatakosa hela ya hisa za jumapili.